Soya Ipi Imeshinda, na Imeshinda Wapi?

Ploti ya kawaida katika jaribio la soya ina mistari minne, kila mmoja mita tano, na sentimita 50 kati ya mstari na mstari. Siku ya kuvuna, mistari miwili ya pembeni huachwa, kwa kuwa ndiyo iliyopakana na mbegu nyingine na huenda imepata kivuli au mwanga usio wake. Katika mistari ya katikati nusu mita huondolewa kila ncha kwa sababu hiyo hiyo. Kinachobaki ni mita nne za mraba, eneo linalozidi kidogo tu kitanda cha sita kwa sita. Eneo hilo ni kama sehemu moja ya elfu ya ekari, hivyo kila gramu inayopimwa pale hugeuka kilo nzima mtafiti anapoandika mavuno kwa ekari. Gramu 100, konzi mbili za punje, huwa gunia la kilo 100.

Juu ya hesabu hiyo ndogo yamejengwa mambo makubwa. Mbegu husajiliwa au hukataliwa, kampuni hupanga itazalisha nini msimu ujao, afisa ugani husimama siku ya mkulima na kutangaza kwamba hii inazaa gunia moja zaidi ya ile. Mimi ni mtetezi wa majaribio ya shambani. Sioni njia ya haki zaidi ya kulinganisha mbegu kuliko kuziweka kwenye udongo mmoja, mvua moja na palizi moja, kisha kupima. Lakini naona tunayabebesha swali yasiloliweza. Tunayauliza ipi ni bora kuliko zote, wakati nguvu yake kubwa iko kwenye jambo jingine: kutuonyesha ipi itamwangusha mkulima, wapi, na katika mwaka wa namna gani.

Soya yenyewe inalifanya swali la ubora kuwa gumu kuliko ilivyo kwa mahindi, kwa sababu mmea huu unapima urefu wa usiku. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha kazi waliyoifanya karibu na Washington. Walikuwa wamepanda soya iitwayo Biloxi kwa awamu, tangu majira ya kuchipua hadi katikati ya kiangazi. Iliyopandwa mapema na iliyopandwa wiki nyingi baadaye zilitoa maua karibu kwa pamoja, mwezi Septemba, usiku ulipokwisha kurefuka vya kutosha. Umri wa mmea haukuwa na neno la mwisho. Saa za giza ndizo zilizoamua.

Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mbegu iliyotengenezwa kwa ajili ya Iowa, ambako mchana wa Juni unazidi saa 15, ikipandwa Morogoro inakuta usiku mrefu tangu inapochipua. Inakimbilia kutoa maua ikiwa na majani machache, inaishia chini ya goti, na maganda yake ya kwanza yanakaribia kugusa ardhi. Anayeiona atasema ni mbegu mbovu, na jaribio litaiandika hivyo. Ni mbegu nzuri iliyotolewa kwao. Wamarekani wameigawa soya katika makundi ya ukomavu, kutoka 000 kwa mashamba ya kaskazini ya mbali hadi kundi la X kwa nchi za joto, na kundi moja linafaa ukanda mwembamba tu wa latitudo. Wabrazili walivunja mpaka huo kwa kutafuta soya yenye utoto mrefu, yaani inayochelewa kuitikia usiku hata ukiwa mrefu. Kazi hiyo, ambayo Romeu Kiihl alikuwa miongoni mwa walioiongoza, ndiyo iliyowezesha soya kupanda kutoka kusini mwa Brazil hadi nyika za Cerrado na kuendelea kuelekea ikweta.

Tanzania ina historia yake ya kulinganisha. Soya iliingia Amani, milimani Usambara, mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Baada ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kusambaratika, kituo cha Nachingwea kiliendelea na kazi ya kuchagua na kuchanganya soya katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1978 ikasajiliwa Bossier, mbegu yenye asili ya kusini mwa Marekani, na baadaye zikaja Uyole Soya kutoka kituo cha Uyole, Mbeya. Ukipima soya ileile Uyole, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ilonga kule Kilosa, takriban mita 500, huna budi kutarajia mimea miwili tofauti. Kwenye baridi ya Mbeya inachelewa kukomaa na inajaza punje taratibu. Kwenye joto la Kilosa inakimbia. Kwa hiyo mtu akikuambia mbegu fulani hukomaa kwa siku 110, muulize zilihesabiwa wapi.

Jambo la pili liko chini ya udongo, na hapa ndipo majaribio mengi ya soya yanapopotosha bila mtu yeyote kukusudia. Punje ya soya ina protini inayokaribia asilimia 40. Maana yake tani moja ya punje inabeba kilo 64 hivi za naitrojeni, na hakuna mkulima mdogo anayenunua urea ya kiasi hicho kwa ajili ya soya. Naitrojeni hiyo hutoka hewani kwa kazi ya bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Lakini soya ni mgeni Afrika, na aina nyingi zilizotengenezwa Marekani huchagua sana bakteria wa kuishi nao. Wakikosekana udongoni, mmea unabaki wa njano, na mtafiti anaandika mavuno madogo mbele ya jina la mbegu wakati upungufu huo si kosa la mbegu.

Njia mbili zilifuatwa. Moja ni kupaka mbegu inokulanti, yaani bakteria waliokuzwa maabara na kuwekwa kwenye unga wa kuchanganya na mbegu siku ya kupanda, kama Biofix ya Kenya au Nitrosua iliyotoka Chuo Kikuu cha Sokoine. Nyingine ilianzia Ibadan, Nigeria, katika taasisi ya IITA mwishoni mwa miaka ya 1970: kutengeneza soya isiyochagua, inayoweza kushirikiana na bakteria wa kienyeji waliozoea kunde. Ndiko zilikotoka koo zenye herufi TGx. Zambia nayo ilikuwa na Magoye, iliyopendwa na wakulima wadogo kwa kuwa ilizaa bila inokulanti.

Sasa weka aina hizo mbili katika jaribio moja. Bila inokulanti, isiyochagua itashinda. Ukipaka inokulanti, ile inayochagua inaweza kupanda juu na kuishinda. Majedwali yote mawili ni ya kweli. La kwanza linamfaa mkulima wa kijijini ambako inokulanti haifiki, au inafika ikiwa imekaa juani dukani mpaka bakteria wamekufa. La pili linamfaa mwenye friji na gari. Kuchapisha moja tu bila kusema ni lipi ni kumficha mkulima sharti la ushindi. Kwa maoni yangu, jaribio la soya Afrika lisilokuwa na ploti zenye inokulanti na zisizokuwa nayo ni nusu ya jaribio.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika kazi ya mradi wa N2Africa kwenye mashamba ya wakulima kaskazini mwa Nigeria. Inokulanti peke yake iliongeza wastani wa takriban kilo 450 kwa hektari. Mbolea ya fosfati peke yake iliongeza karibu kiasi hichohicho. Vyote viwili pamoja vilikaribia kilo 780, ingawa shamba kwa shamba matokeo yalitofautiana mno, mashamba mengine yakipata nyongeza kubwa na mengine yasipate chochote. Linganisha na gunia letu moja kwa ekari, ambalo ni kilo 250 kwa hektari. Tunabishana juu ya jina lililoandikwa kwenye mfuko wa mbegu huku tofauti kubwa zaidi ikiwa kwenye kile kilichopakwa juu ya mbegu na kilichowekwa chini yake. Ukitaka kujua bila maabara kama bakteria wanafanya kazi, ng'oa mche wakati wa maua na ukate kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, mmea unalisha wageni wasiolipa. Ni jambo la dakika tano, na lingestahili kuwa safu katika kila daftari la jaribio.

Tukubali kwamba mambo hayo yamesimamiwa vizuri. Bado kuna udongo wenyewe, ambao hauko sawa hata ndani ya nusu ekari. Palipokuwa na kichuguu pana rutuba, palipopita ng'ombe pamekakamaa, upande wa mteremko umekusanya mchanga. Tofauti hizo huingia kwenye mizani pamoja na tofauti za mbegu, na mizani haijui kuzitenganisha. Mwanzoni mwa karne iliyopita tatizo hili lilimshughulisha William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyelazimika kuamua juu ya shayiri kwa kutumia sampuli chache. Mwaka 1908 alichapisha, kwa jina la Student, kipimo ambacho mpaka leo kila mwanafunzi wa takwimu hukutana nacho. Ronald Fisher, aliyefika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akajenga utaratibu tunaoufuata sasa: kila mbegu irudiwe mara kadhaa, marudio yapangwe katika mafungu yenye udongo unaofanana, na ndani ya kila fungu mbegu zigawiwe ploti kwa bahati nasibu. Wawili hao walishindana kwa muda mrefu juu ya bahati nasibu, kwani Gosset aliamini mpangilio uliosawazishwa kwa makusudi hutoa jibu bora. Fisher alishinda vitabuni. Ila Gosset alisisitiza jambo moja lenye uzito mkubwa kwetu: jaribio moja, hata likipangwa kwa ustadi wote, ni neno la mahali pamoja na mwaka mmoja.

Hesabu inalionyesha hilo kwa ukali. Chukua jaribio lenye wastani wa kilo 2,000 kwa hektari, ambamo ploti za mbegu ileile zinapishana kwa kiasi cha asilimia 20 ya wastani, yaani kilo 400. Hiyo si hali mbaya, na kwenye mashamba ya wakulima mara nyingi huwa zaidi. Kila mbegu imerudiwa mara tatu. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, mbegu mbili zinapaswa kuachana kwa kilo zipatazo 680 ndipo tuseme kwa uhakika unaokubalika kwamba tofauti hiyo si ya udongo. Kilo 250 zimemezwa humo. Ili zionekane, kila mbegu inahitaji ploti 20 hivi. Zinaweza kupatikana kwa kuweka vituo saba vyenye marudio matatu kila kimoja, na vituo saba hufundisha mengi kuliko ploti 20 zilizosongamana kwenye kituo kimoja chenye udongo wa kupendeza.

Kuna mtego mwingine ambao hata wasomi huuangukia. Tuseme una mbegu 20 zinazolingana kabisa, hakuna inayoizidi nyingine hata kwa kilo. Zipande katika jaribio hilohilo la marudio matatu. Mojawapo lazima itokee ya kwanza, na kwa bahati ya udongo peke yake itaonekana kuzidi wastani kwa kilo 430 hivi kwa hektari. Itapigwa picha na kuwekewa bango. Mwaka unaofuata itarudi kwa wenzake, na watu watasema mbegu imechoka. Haijachoka, haikuwahi kuwa mbele. Ndiyo maana msimu mmoja hautoshi kuisajili mbegu, na ndiyo maana taasisi kama TOSCI ya Tanzania na KEPHIS ya Kenya husimamia majaribio ya kitaifa katika vituo zaidi ya kimoja kabla ya kuruhusu jina kuuzwa. Wanaolalamika kwamba utaratibu huo ni mrefu wana haki ya kulalamikia makaratasi. Misimu ya kupima haina njia ya mkato.

Hata mbegu iliyoletwa kwenye jaribio inaweza kuja na historia inayochafua matokeo. Soya hupoteza uhai upesi ikihifadhiwa kwenye joto na unyevu, upesi kuliko mahindi. Aina moja ikiwa imevunwa miezi mitatu iliyopita Mbeya na nyingine imekaa mwaka mzima kwenye stoo ya pwani, ya pili itaota kwa mapengo, na mavuno yake yatapungua bila kosa la ukoo wake. Mtafiti makini huzalisha mbegu zote msimu mmoja, mahali pamoja, kisha hupima uotaji kabla ya kupanda. Nje ya vituo vya utafiti, kwenye mashamba ya maonyesho yanayoandaliwa na wauzaji, sharti hilo ndilo la kwanza kusahaulika. Siku ya kuvuna nayo ina mitego. Timu ikija mara moja na gari moja kuvuna kila kitu, aina za mapema zitakuwa zimeshapasua maganda na kumwaga punje chini, na za kuchelewa zitapimwa zikiwa na unyevu unaozidisha uzito. Punje zikaushwe mpaka unyevu wa asilimia 13, au uzito ukokotolewe upya kwa kiwango hicho, ndipo namba zilinganishwe.

Lakini sababu kubwa ya kufanya majaribio haya, kwangu, ni yaliyotokea Uganda. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya ulionekana huko. Kuvu anayeuleta, Phakopsora pachyrhizi, husafiri kwa upepo. Majani hujaa vidoa vya rangi ya kahawia, hugeuka njano na kupukutika kabla maganda hayajajaa. Katika miaka michache kutu ikawa imethibitishwa Zambia na Zimbabwe, ikafika Afrika Kusini na Amerika Kusini mwaka 2001, na Marekani mwaka 2004. Nam 1, iliyokuwa ikitegemewa na wakulima wa Uganda, haikuwa na kinga. Namba zote nzuri zilizokuwa zimeandikwa mbele ya jina lake ziliacha kuwa na maana, kwa kuwa zilipimwa katika ulimwengu usio na kutu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, walianza kupima soya palepale penye ugonjwa. Mwaka 2004 ikatoka Maksoy 1N, ikafuatiwa na nyingine katika ukoo huo, na Maksoy 3N ya mwaka 2010 ikaenea sana.

Somo la kiufundi humo ni rahisi na linapuuzwa mara kwa mara. Jaribio lililopuliziwa dawa ya kuvu linapima uwezo wa mbegu kuzaa mtu mwingine akiwa ameilinda. Jaribio lisilopuliziwa, mahali pa joto na unyevu ambapo kutu hurudi kila mwaka, linapima mbegu na mkulima wake kama walivyo. Yote mawili yanahitajika, ila la pili ndilo linalomhusu mtu asiye na bomba la kunyunyizia, na wakulima wengi wa soya Afrika Mashariki wako katika kundi hilo.

Mwaka 1963 Waaustralia wawili, Finlay na Wilkinson, walitoa njia nzuri ya kusoma majaribio ya vituo vingi. Walichukua aina 277 za shayiri zilizopimwa katika vituo na misimu kadhaa ya Australia Kusini, wakazipanga sehemu hizo kuanzia duni hadi yenye neema kwa kufuata wastani wa mavuno yote ya pale. Kisha wakaangalia kila aina inapandaje kadiri mahali panavyokuwa bora. Zikajitokeza tabia. Kuna aina zinazopaa penye rutuba na mvua lakini huanguka vibaya penye shida. Nyingine huzaa kwa kiasi, ila hazimwachi mtu mikono mitupu. Wastani wa aina hizo mbili unaweza kulingana kabisa, na jedwali lenye wastani peke yake litasema hazina tofauti.

Kwa mwenye ekari mia tano na mkopo wa benki uliokatiwa bima, ya kwanza inaweza kuwa chaguo la busara. Kwa mwenye ekari moja Namtumbo, ambaye ada ya shule na mbegu za mwakani zote zimo kwenye ekari hiyo, mimi ningependekeza ya pili bila kusita, hata kama wastani wake uko chini kidogo. Hapa nina neno na wenzetu watafiti. Kituo kilichopigwa na ukame, ambako mavuno yalikuwa kilo mia chache tu, mara nyingi huondolewa kwenye ripoti kwa maelezo kwamba jaribio limeharibika na tofauti za ploti ni kubwa mno. Kama liliharibiwa na ng'ombe waliovunja uzio, sawa, liondolewe. Kama liliharibiwa na mvua iliyokatika wiki tatu wakati maganda yanajaa, basi ndilo jaribio lililotuonyesha mwaka mbaya unavyofanana. Likiondolewa, mkulima ananyimwa habari aliyoihitaji kuliko zote.

Mbegu ya kulinganishia nayo ichaguliwe kwa haki. Ukiweka Bossier iliyozeeka karibu na mbegu mpya, mpya itang'aa. Swali la mkulima ni kama inaishinda ile aliyonayo sasa, iliyotunzwa vizuri na yenye uotaji mzuri, au hata mahindi na maharage ambayo ekari hiyo ingeyabeba badala yake. Sijaona bango la siku ya mkulima lenye safu ya maharage, na ningependa sana kuliona.

Wakulima wenyewe hupima mambo ambayo mizani haiyaoni. Huangalia kama ganda la kwanza liko juu vya kutosha kukatwa kwa mundu bila kuinamia ardhi. Huangalia kama maganda yanavumilia wiki moja ya kuchelewa, kwa sababu mavuno ya mahindi na ya soya huweza kugongana na mikono ni ileile. Huangalia miche inavyohimili njiwa wanaoing'oa ikichipua na sungura wanaopenda majani yake machanga. Mama anayesaga soya kwa uji wa watoto huangalia ukubwa na weupe wa punje, na kama huchukua kuni nyingi kuiva kabla ya kukaangwa na kusagwa. Kiwanda cha chakula cha kuku kinachotafuta mashudu kingependa protini, lakini kikilipa kwa kilo bila kupima protini, mkulima hana sababu ya kuijali, na jaribio linaloisifu mbegu kwa protini halimwongezei hata shilingi. Tangu mwaka 2020, China ilipofungua mlango kwa soya ya Tanzania, mazungumzo yamekuwa juu ya tani za kupeleka. Viwango vya ubora vinapaswa kuingia kwenye mazungumzo hayo pamoja na bei yake.

Jinsi ya kuiingiza sauti ya mkulima kwenye hesabu si fumbo tena. Malawi, mwishoni mwa miaka ya 1990, Sieglinde Snapp na wenzake walianza utaratibu wa jaribio mama na majaribio watoto: moja kubwa lenye marudio yote hukaa katikati ya kijiji, na kuzunguka kwake wakulima wengi hupanda aina chache wanazozichagua, wakizitunza kwa desturi zao. Baadaye Jacob van Etten na wenzake waliendeleza njia inayompa kila mkulima aina tatu tu kati ya kumi au zaidi, zikiwa na herufi badala ya majina. Mkulima anasema ipi nzuri zaidi na ipi mbaya zaidi, hahitaji mizani. Majibu ya mamia ya wakulima yakiunganishwa na takwimu za mvua na joto za kila shamba, picha nzima inajitokeza. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2019 ilitumia zaidi ya ploti 12,000 za Nicaragua, Ethiopia na India, kwa maharage na ngano. Nguvu ya njia hii ni kwamba makosa ya shamba moja hupotea kwenye wingi. Udhaifu wake ni kwamba haijibu vizuri swali la kwa nini. Mkulima atakuambia B imeshindwa, lakini kama ni vinundu au ni kutu, mtu mwenye ujuzi lazima aende kuangalia. Kwa soya, kwa sababu nilizoeleza, hatuwezi kuviacha vituo vya utafiti tukabaki na simu za wakulima peke yake.

Kuna upotevu mmoja ambao ungeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Ukoo wa TGx 1740-2F, uliotoka IITA, ulisajiliwa Kenya ukajulikana kama SB 19, na Malawi ukaitwa Tikolore. Ni mbegu moja, imepimwa na nchi mbili, kwa fedha za umma na za wafadhili, kwenye miinuko na mvua za aina nyingi. Kanuni za mbegu za SADC na za COMESA tayari zinaruhusu aina iliyosajiliwa katika nchi mbili wanachama kuingia kwenye orodha ya pamoja na kuuzwa kwingine bila kuanza upya. Mwaka 2015 maabara ya soya ya Chuo Kikuu cha Illinois ilianzisha majaribio ya pamoja yanayozipima aina za watafiti na makampuni mbalimbali katika nchi nyingi za Afrika kwa utaratibu mmoja, na ikawezekana kusoma nchi kadhaa kwenye jedwali moja. Mwaka 2025 maabara hiyo ilipoteza fedha za USAID zilizokuwa nguzo yake. Jedwali la namna hiyo halihitaji kukaa Illinois. Taasisi za utafiti wa kilimo za TARI ya Tanzania na KALRO ya Kenya, Makerere na watafiti wa Malawi wanaweza kulitunza wenyewe, likiwa na kila kituo, pamoja na vile vilivyokauka, na kila ploti, yenye inokulanti na isiyo nayo. Afisa ugani wa Songea yuko karibu zaidi na Mzuzu, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kuliko alivyo na Dar es Salaam. Leo akitaka kujua soya gani ilistahimili mwaka wa mvua chache kwenye miinuko kama ya kwake, matokeo ya Malawi hayako mezani kwake, na anaanza tena na ploti yake ya mita nne.